Kazini wamenipa kishkwambi, nyumbani mume kastaafu: niandike barua ya kuacha kazi?

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa miaka 46, nakaa Makorora hapa Tanga. Ni karani wa tali, yaani mhesabu mizigo, bandarini, nimeajiriwa na kampuni binafsi ya kuhudumia mizigo, na huu ni mwaka wa 19. Nakuandikia wewe kwa kuwa watu niliozoea kuwatolea ya moyoni ni wawili: mmoja kahamia Dar, na wa pili ni mume wangu, ambaye sasa naye yumo ndani ya shida yenyewe.

Zamani kazi yetu ilikuwa hivi. Meli haikuweza kufika gatini kwa sababu ya kina, ikitia nanga huko nje, zaidi ya kilomita moja na nusu. Mzigo unashushwa kwenye matishari, yale majahazi bapa ya mizigo, matishari yanavutwa hadi gatini, mzigo unapandishwa tena. Kila gunia liliguswa mara mbili na lilihesabiwa mara mbili: karani mmoja juu ya tishari, mwingine gatini, mwisho wa zamu tunalinganisha madaftari. Nimeshinda kwenye matishari yale kwa jua na mvua. Mkuu wa genge akisema magunia 400, mimi nikitazama magunia yalivyopangwa tu najua pamepungua. Wakihesabu tena, kweli. Ndiyo maana walikuwa wakiniita Mama Karani, mpaka wapagazi wa nje ya geti.

Tangu gati lichimbwe, meli zinakuja kufunga hapahapa. Sisemi vibaya, mji umechangamka na vijana wanapata riziki. Lakini hesabu ya tishari haipo tena, na wenzangu kadhaa mikataba yao haikuendelezwa. Mimi nikabakizwa, nikakabidhiwa kishkwambi. Kontena likipita, unaingiza namba, unapiga picha sili, kile kifungo cha mlangoni, unabonyeza, basi. Mimi naingiza namba, kinakataa, kinatoa wekundu. Narudia, kinakataa. Malori yamejipanga nyuma yangu, madereva wanapiga honi. Msimamizi wetu mpya ni kijana aliyeletwa kutoka Dar, umri wake kama mwanangu wa kwanza. Siku moja akaniambia mbele za watu, "Mama, hili si daftari." Wakacheka. Nilikwenda chooni nikalia.

Halafu zamu. Wiki mchana, wiki usiku. Kuna siku natoka saa moja asubuhi naambiwa nirudi saa kumi jioni ileile kuziba pengo la mtu.

Nyumbani sasa. Mume wangu ni mwalimu wa hisabati, mwaka huu katimiza miaka 60, kastaafu. Binti yetu wa mwisho kaenda chuo Dodoma. Tumebaki wawili. Mwalimu hana pa kwenda, Somo. Sufuria zangu kazipanga upya kwa ukubwa. Sukari anaipima. Ananiuliza mbona mchuzi wa leo una nazi mbili. Nikirudi zamu ya usiku, saa tatu asubuhi wenzake wameshafika barazani, bao na kahawa na redio. Silali. Nikipata usingizi kidogo, joto linanipanda ghafla kutoka kifuani, naamka nimelowa, moyo unakwenda mbio, na feni inazunguka juu yangu. Nasahau vitu. Juzi nimemfokea binti kwenye simu kwa sababu ya hela ya bando, akakata simu akilia.

Wiki iliyopita wametuita ofisini mmoja mmoja. Mimi nikaambiwa kwamba kama mfumo mpya umenishinda, niandike barua ya kuacha kazi kwa hiari yangu, nao watanipa mkono wa heri. Kiasi hawakutaja. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema niandike tu, hela hiyo tuichanganye na mkupuo wake, tununue gari la abiria la kwenda Muheza, na mimi nikae nyumbani nikaange maandazi na kupika mbaazi za asubuhi. Kuna siku naona ana haki. Niandike? Au nimeshakuwa mzee wa kujifunza?

Wako,
Mama Karani, Makorora

*

Marahaba, mdogo wangu.

Usiandike. Hilo nalitanguliza kwa kuwa mwezi una mwisho wake, mengine tutazungumza taratibu.

Anayeandika barua ya kuacha kazi kwa hiari huondoka na kile atakachopewa. Anayeachishwa na mwajiri huondoka na kile anachostahili, na hicho kimeandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri akikupunguza kazi kwa sababu ya mabadiliko kama haya ya kwenu, kwanza anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na akae na wafanyakazi au chama chao kujadiliana: je, kupunguza kunaweza kuepukwa, watachaguliwa vipi watakaoondoka, na watalipwa nini. Kumwita mtu mmojammoja na kumnong'oneza habari ya barua siyo majadiliano hayo. Kiinua mgongo cha kuachishwa ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa hiyo 19 yako itasomeka 10, yaani siku 70. Juu yake kuna taarifa ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Siku 70 si utajiri, najua. Lakini ukiandika barua, hata siku hizo 70, sheria haimlazimishi mwajiri kukupa.

Na kuna la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambalo wengi hulijua wakiwa wameshasaini. Fao la kukosa ajira, ile theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu mtu aliyeacha kazi mwenyewe. Wewe ukishaandika "kwa hiari yangu", umejifungia mlango. Pensheni nayo inataka michango ya miezi 180, na kama mwajiri wako amekuwa akipeleka kila mwezi, umeshaivuka. Nenda tawini ukaangalie michango yote ipo. Ila pensheni hiyo haianzi kutoka kabla ya miaka 55. Kati ya 46 na 55 utakula nini? Maandazi? Makorora ile ile ambayo kila kona kuna mama na karai lake?

Kama mfumo umekushinda kweli, hilo pia lina utaratibu. Mwajiri anayesema mtu hawezi kazi anatakiwa amwelekeze, ampe mafunzo, ampe na muda wa kutosha wa kurekebisha, ndipo azungumze habari ya kumwachisha. Wewe umesema umekabidhiwa kishkwambi. Hukusema umefundishwa. Basi barua utakayoandika mwezi huu ni nyingine: unaomba mafunzo ya mfumo mpya. Nusu ukurasa, lugha ya adabu, nakala ubaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Wakikuita tena, nenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi tawini kwenu, na usisaini chochote siku hiyo. Omba karatasi ukaisome nyumbani. Wakikuachisha na ukaona hujatendewa haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, inapokea malalamiko ya kuachishwa ndani ya siku 30. Usizipoteze siku hizo kwa kwenda kwa mtu anayemjua mtu. Wapo wanaodai baadaye kwamba walilazimishwa kuandika barua ya kuacha, na sheria inalitambua jambo hilo, lakini kulithibitisha ni kazi kubwa.

Siku ikifika ukataka kuondoka mwenyewe, ondoka. Ila kwa makubaliano ya maandishi yenye tarakimu ndani. "Mkono wa heri" hauna tarakimu.

Sasa kishkwambi. Nimemuuliza mtu anayefanya kazi hiyohiyo kwa nini kinatoa wekundu, akacheka, siyo kukucheka wewe. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Tarakimu ya mwisho haikuwekwa kubahatisha; inakokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Ukibadilisha nafasi ya tarakimu mbili, ukaandika 36 pahala pa 63, hesabu inagoma, na mashine inakwambia tazama tena. Kwa hiyo mara nyingi wekundu ule ni macho yaliyochoka saa tisa usiku, au ubavu wa kontena uliopauka rangi. Tazama namba ya mlangoni badala ya ubavuni, isome kwa sauti ukigawa tatutatu, ndipo uingize. Halafu fikiri kidogo: wewe na mwenzako mlihesabu mara mbili na kulinganisha madaftari ili kosa lisipite. Tarakimu ile inafanya kazi ya karani wa pili. Umeifanya kazi hiyo miaka yote, tena kwa kichwa.

Yapo ambayo kishkwambi hakiwezi. Hakijui gunia lililoloa chini na kukauka juu. Hakijui sili iliyofunguliwa na kurudishiwa gundi. Picha itapigwa, na picha itaonyesha sili ipo. Mwenye mzigo akija na madai ya upungufu, kampuni itamtafuta aliyeona, na aliyeona ataonekana kwa alichoandika. Sehemu ya maelezo kwenye mfumo huo vijana wengi huiacha tupu. Wewe ijaze.

Utaniambia mume wako mwalimu, na walimu waligawiwa vishkwambi baada ya sensa ya 2022, basi akufundishe. Mimi nakataa. Mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote hatakaa kando yako bila kalamu nyekundu, na nyumba yenu kwa sasa haihitaji kalamu nyekundu. Tafuta kijana mmoja kazini, asiye msimamizi, mwenye subira. Mnunulie chai, mwombe akusimamie wakati hakuna malori. Na yule msimamizi mwendee pembeni, bila hadhira. Mwambie: mwanangu, nikikosea niite kando, na mimi nikiona mzigo una walakini nitakuita wewe kwanza kabla ya wakubwa. Huyo naye ameletwa mji asioujua kusimamia watu waliomzidi umri. Anaogopa kuliko anavyojionyesha. Akiendelea na kejeli, liandike hilo pia na tarehe yake.

Matishari hayarudi, mdogo wangu. Gati limeshachimbwa hadi mita 13, na hakuna mwenye meli atakayekubali kulipia mzigo mmoja kushushwa mara mbili kwa sababu sisi tuliuzoea utaratibu ule. Mji wetu una ujuzi wa kungoja. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani 230,000 hivi za mkonge, na Tanga ndiyo ilikuwa kitovu. Kamba za plastiki zikaingia, bei ikaanguka, mashamba yakabaki majani. Nimewaona makarani wa mashamba waliokaa barazani miaka wakisema shamba litafufuka wataitwa. Mashamba mengine kweli yamefufuka. Walioitwa ni watu wengine.

Nije kwenye usingizi, na hapa nitakukalia karibu kidogo.

Joto la ghafla kutoka kifuani, kuamka umelowa, moyo kwenda mbio, usahaulifu, ukali usiokuwa wako, na umri wa miaka 46. Hakuna aliyekutajia kukoma hedhi? Kwa wanawake wengi huja kati ya miaka 45 na 55, na dalili hutangulia miaka kadhaa, damu ikiwa bado inakuja, mara kwa karibukaribu, mara kwa kuchelewa. Unyago tuliochezwa ulitufundisha kuanza; kumaliza hakuna aliyetuchezea ngoma yake. Inawezekana sehemu kubwa ya kile unachokiita "mfumo umenishinda" ni mwili unaobadilika huku umenyimwa usingizi. Simalizi mimi, mimi si daktari. Nenda hospitali ya Bombo, waeleze yote kama ulivyonieleza, wakupime presha, sukari na tezi ya shingo pia, maana nazo huleta moyo kwenda mbio. Dawa zipo na ushauri upo. Na kama hata siku za mapumziko hulali, huzuni haiondoki kwa wiki mbili na zaidi, au inakujia kwamba afadhali usingekuwepo, hilo nalo mwambie daktari siku hiyohiyo, usilifiche.

Zamu zina sheria zake. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena unatakiwa kupumzika saa 12 mfululizo. Kutoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi jioni ni saa 9. Saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Itafute kwenye hati yako ya mshahara. Daktari akithibitisha kwamba kazi ya usiku inakudhuru, cheti chake kinakupa nguvu ya kuomba mchana. Kwa sasa, ukitoka zamu vaa miwani ya jua au jitandie mtandio usoni, mwanga wa asubuhi huuambia mwili kumekucha. Fika, oga, kula kidogo, lala. Dirishani tundika blanketi zito, khanga haizuii jua la Tanga. Kahawa isipite saa nane usiku.

Na baraza? Mwalimu wako hajui kwamba anakuua. Miaka yote hiyo mchana wako yeye hakuuona, alikuwa darasani. Sasa kengele imenyamaza, na mtu aliyekuwa akiamuru watoto 50 wakae kimya amebaki na sufuria za kupanga. Usimwambie ukiwa umetoka zamu. Ngoja siku ya mapumziko, umeshalala, mmekula, mwambie jambo moja lenye saa: "Baba fulani, wiki ya usiku, mpaka saa saba mchana naomba baraza lihamie kwa jirani." Moja tu. Habari ya nazi na sukari iache kwanza, ukizichanganya ataona umemkataa yeye mzima. Jiko mrudishie kwa zamu: wiki yako ya usiku apike, apange sufuria anavyotaka, na nazi akune mwenyewe. Watoto wa darasa la saba na kidato cha nne wa Makorora wanatafuta mtu wa kuwafundisha hisabati jioni. Nadhani hilo litamfaa kuliko gari.

Binti mpigie. Mwambie ulikuwa hujalala, na kwamba hukumaanisha. Inatosha.

Lililobaki ni gari la Muheza. Fedha yako usiiingize. Haipo bado, na ikija iwe na jina lako. Mkupuo wa mtu aliyestaafu mwaka huu una wapenzi wengi, na gari bovu ndilo la kwanza kujipendekeza. Mwambie aiweke akiba hiyo benki miezi mitatu bila kuigusa. Miezi hiyo ikiisha na bado anataka gari, aende stendi akae na wenye magari ya njia hiyo, awaulize leseni ya LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, bima, matairi, siku za gereji, hesabu ya dereva kwa siku na siku ambazo dereva haleti. Ayaandike yote, atoe, ajumlishe, akuletee daftari. Mwalimu wa hisabati huyo, jibu ataliona mwenyewe.

Somo wako